Siku moja kliniki ya watoto: choo hakina minyoo, damu inasema vingine

Saa 2:00 asubuhi. Mimi ni tabibu katika kliniki ya watoto, wilaya moja ya Kilimanjaro. Foleni imeshafika mlangoni: vifua, kuhara, mmoja kaingiza punje ya mahindi puani.

Saa 3:10. Anaingia mama na mtoto wa miaka mitatu. Homa inakuja na kuondoka, usiku anakohoa na kifua kinalia filimbi.
"Daktari, ameshakunywa dawa ya malaria mara mbili."
"Alipimwa?"
"Alipimwa, hakuonekana nayo. Duka la dawa wakasema tumpe tu."
Nampapasa tumbo. Ini limeshuka vidole vitatu chini ya mbavu.
"Udongo anakula?"
Mama anacheka. "Huyu? Ukuta wa jikoni ndio biskuti yake."
"Na mbwa mnao?"
"Yupo, na watoto wake wanne. Anashinda nao uani."

Saa 5:00. Majibu ya maabara. Choo: hakuna mayai ya minyoo. Picha nzima ya damu: seli nyeupe 26,000, na eosinofili (aina ya seli nyeupe ambayo hupanda mwili ukiwa na minyoo) ni asilimia 52, wakati kawaida hazizidi 5 au 6.

Hapa ndipo wengi hupotea. Choo kikiwa safi, mtoto huambiwa hana minyoo. Lakini minyoo ya mbwa, toksokara, haikui ikawa mikubwa ndani ya binadamu, kwa hiyo haitagi. Mtoto humeza mayai yaliyokaa udongoni wiki mbili au zaidi (kinyesi kibichi bado hakiambukizi), lava (minyoo wachanga) huanguliwa, hutoboa utumbo na kuanza kuzurura: ini, mapafu, wakati mwingine jicho au ubongo. Ukipima choo mara kumi hutaiona.

Eosinofili peke yake nayo haitoshi. Huku kwetu minyoo ya askaris (minyoo mikubwa ya tumboni), safura na kichocho huipandisha pia. Ninachokiamini ni mkusanyiko: umri, udongo, watoto wa mbwa, ini, kifua, damu. Natuma sampuli ya kingamwili maabara kubwa, nikijua kwamba jibu chanya laweza kuwa la maambukizi ya zamani, au la askaris iliyojifananisha na toksokara.

Saa 6:40. Ultrasaundi: madoa meusi madogo kwenye ini. Naanza albendazole, dawa ya minyoo, mg 400 mara mbili kwa siku, siku tano. Ile dozi moja ya shuleni haitoshi hapa.

Saa 8:00. Wali maharage, haraka.

Saa 9:15. Mvulana wa miaka tisa, jicho la kushoto limeanza kwenda upande na mboni inang'aa weupe. Damu yake ya kawaida kabisa. Toksokara ya jicho huja hivyo, mara nyingi bila eosinofili kupanda, na hata kingamwili huweza kuwa chache. Ila weupe huo unaweza kuwa saratani ya jicho. Mwaka 1950, Marekani, Helenor Wilder alikuta lava ndani ya macho ya watoto, baadhi yakiwa yameng'olewa kwa kuhofiwa saratani. Sibahatishi: rufaa hospitali ya KCMC, Moshi, leo hii.

Saa 10:30. Nampigia bwana mifugo kuhusu wale mbwa wanne. Anasema walitakiwa kupewa dawa tangu wiki ya pili, kwa kuwa huambukizwa wakiwa tumboni mwa mama yao. Atapita kesho, na mama mbwa naye atapewa.