Jinsi Nilivyopata Kampani na Kuuzoea Usiku wa Berlin

Nilihamia Berlin kwa ajili ya kazi nikiwa na umri wa miaka 26, na mambo ya ofisi na ya nyumba yalininyookea mapema kuliko nilivyotarajia; kilichonishinda ni jioni. Mji huu unasifika duniani kote kwa starehe za usiku, na sifa hiyo haikuanza jana, kwa kuwa saa ya lazima ya kufunga baa iliondolewa Berlin Magharibi tangu mwaka 1949, baada ya mwenye hoteli Heinz Zellermayer kumshawishi kamanda wa Kimarekani, Frank Howley. Hata hivyo mgeni anaweza kuishi katikati ya starehe hizo zote na bado akala chakula cha usiku peke yake wiki nzima, hasa mwezi wa Desemba, ambapo jua huzama kabla ya saa kumi jioni na kila mtu hukimbilia kwake.

Kwetu Tanga mtu akimkumbuka mwenzake hupiga hodi, na akikuta watu wanakula hunawa mikono akaungana nao. Hapa watu hupangiana tarehe wiki mbili au tatu kabla, na anayefika bila taarifa huwapa wenyeji wake mashaka kwamba pengine kuna msiba. Nilipouelewa utaratibu huo niliuheshimu, kwa sababu Mjerumani aliyekupa Alhamisi saa moja usiku atakuwepo Alhamisi saa moja usiku, hata mvua ikinyesha. Niliamua basi kutafuta shughuli yenye siku yake maalumu, itakayonikutanisha na watu walewale kila wiki, badala ya kuzunguka kwenye baa nikitumaini kwamba mtu atanisemesha.

Shughuli hiyo ilikuwa kwaya. Nimeimba sauti ya pili tangu shule ya Jumapili, na Berlin ina kwaya nyingi sana za watu wasio wanamuziki kwa kazi yao: walimu, wauguzi, wastaafu, wanafunzi. Nilijiunga na moja inayofanya mazoezi kila Jumanne saa moja na nusu usiku. Kijerumani changu kilikuwa bado hafifu, na nilikuwa nimezoea kusoma nota za do-re-mi, ilhali wenzangu wote walisoma za mistari mitano. Mama mmoja wa makamo aliyekaa kando yangu alichukua penseli yake na, bila kusema neno, akaweka alama ndogo kwenye karatasi yangu kila mahali pa kuvuta pumzi. Kwa majuma kadhaa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na nilimpenda mama yule kwa moyo wote.

Kilichonifungulia mlango hasa ni kile kinachofuata baada ya mazoezi. Karibu nusu ya kwaya huenda kwenye baa ya kona, wakaunganisha meza, wakakaa hadi usiku wa manane. Mimi sinywi pombe, na hakuna aliyewahi kunishurutisha. Niliagiza juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji ya gesi, kinywaji ambacho Wajerumani wenyewe hunywa sana, na wakati wa kugonganisha glasi nilimtazama kila mmoja machoni kama desturi yao inavyotaka. Muda wa kulipa ukifika, mhudumu huzunguka na pochi yake kubwa nyeusi, akimsomea kila mtu hesabu yake peke yake. Ukidaiwa euro 4.40 unatamka tano, naye anajua kwamba ziada ni bakshishi. Hakuna anayemlipia mwingine, na mwanzoni jambo hilo lilinisononesha, lakini lina heshima yake, kwa kuwa mwenye kipato kidogo hukaa pale bila kuwa na deni kwa yeyote.

Wanakwaya watatu wa rika langu ndio walionipeleka klabu kwa mara ya kwanza. Walinielekeza nile, nilale kidogo, kisha tukutane saa saba usiku, kwa kuwa kabla ya hapo kumbi huwa tupu. Na nibebe fedha taslimu. Mlangoni simu zetu zilibandikwa stika juu ya kamera, na ndani sikuona mtu aliyepigwa picha. Muziki ulikuwa wa tekno, ambao mwaka 2024 utamaduni wake wa Berlin uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya urithi usioshikika wa Ujerumani. Mimi niliyelelewa na taarabu nilichelewa kuuzoea muziki usio na maneno, ila nilifurahia mno kucheza peke yangu kwa saa nzima bila mwanamume yeyote kunivuta mkono.

Mlango wa klabu, lakini, una uchungu wake. Mabaunsa hukataa watu bila kutoa sababu, Wajerumani wakiwamo, na sheria ya mwaka 2006 inakataza kumzuia mtu kwa ajili ya asili au rangi yake, ingawa kuthibitisha ni kazi ngumu. Usiku mmoja nilizuiwa peke yangu huku wenzangu wakikaribishwa. Wote watatu walitoka kwenye foleni papo hapo, hakuna aliyeniuliza kama nisingejali wao kuingia, na tulimalizia usiku ule YAAM, ukumbi ulio kando ya mto Spree ambako kuna muziki wa rege na vyakula vya Kiafrika.

Ni YAAM hapohapo nilikokutana na Watanzania na Wakenya ambao leo tunapikiana mara moja kwa mwezi mtaani Wedding, karibu na barabara iliyopewa jina la mkoloni wa Kijerumani Carl Peters mwaka 1939 na ambayo sehemu yake, tangu Agosti 2024, inaitwa Maji-Maji-Allee. Zamu yangu ikifika nabandika tangazo kwenye ngazi za jengo, nikiwaarifu majirani tarehe, namba yangu ya simu na kwamba wanakaribishwa. Wageni huja na vinywaji vyao. Mimi napika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Saa nne usiku tunapunguza muziki, kwa kuwa huo ndio muda wa utulivu, na wanaotaka kuendelea huondoka baadaye kwenda mjini.

Kurudi nyumbani nakupangilia kabla ya kutoka. Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi hutembea usiku kucha. Siku nyingine natumia mabasi ya usiku, nakaa karibu na dereva, na kuanzia saa mbili usiku unaweza kumwomba akushushe katikati ya vituo viwili. Binti mgeni afahamu pia kwamba katika baa nyingi za Ujerumani, akihisi hatari, anaweza kumuuliza mhudumu kama Luisa yupo, jina ambalo ni ishara ya siri ya kuomba msaada, naye atampeleka mahali salama bila maswali. Utaratibu huo ulianzia mji wa Münster mwaka 2016, na nimemfundisha kila dada anayefikia kwangu.