Aliyekuwa akitoa amekufa

Asalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii sijalala vizuri. Jumanne pale chuoni ninaposomesha watoto Qurani nilimrudisha nyumbani mtoto wa mama mmoja muuza vitumbua, kisa ada, shilingi 5,000 tu ya mwezi, tena mbele ya wenzake. Mtoto akafunga juzuu yake akatoka kimya. Usiku nafungua daftari naona mtoto wa bwana fulani mwenye maduka mawili hajalipa toka Rajabu, na huyo baba tukikutana msikitini mimi ndo wa kwanza kumpa mkono na kumsogezea nafasi safu ya mbele. Wallahi niliona aibu.

Ikanijia ile hadithi ya mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo mtukufu wa Kikureshi, aliyeiba, watu wakamtuma Usama, kipenzi cha Mtume, akamuombee. Mtume (saw) alikasirika, akasema waliokuwa kabla yenu waliangamizwa na hili, akiiba mtukufu wanamuacha, akiiba mnyonge wanamsimamishia adhabu. Hata angekuwa Fatma binti yangu ningemkata mkono, akasema. Hakutaja ukame wala jeshi la adui.

Sisi huku Pwani tunapenda kusema Kilwa aliiangusha Mreno, na mimi nilisema hivyo miaka mingi mpaka siku nilipovuka na boti toka Kilwa Masoko kwenda kisiwani nikasimama ndani ya ule msikiti mkuu, nguzo kwa nguzo, na kasri la Husuni Kubwa kule juu linaangalia bahari, dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilipita pale, leo magofu. Yule msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akamkuta Sultani Hassan bin Suleiman, watu wakimwita Abul Mawahib kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Ijumaa moja anatoka msikitini, fakiri wa Yemen akamsimamisha njiani akamuomba nguo alizovaa, na sultani akaenda akabadilisha akampa. Alipokufa akatawala ndugu yake Daud, na huyu akijiwa na mwombaji jibu lake lilikuwa, aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa.

Subhanallah, hilo jibu limenikaa kooni, mana mtoto wa watu nilimjibu hivyo hivyo.

Sisemi Kilwa ilianguka siku ile, ilisimama miaka mingi tu baada ya hapo. Ila baadaye hata kiti chenyewe kikawa cha kunyang'anyana, Wareno walivyotia nanga 1505 walimkuta Amir Ibrahim ambaye kiti hakikuwa chake, akakimbia, na hawakukosa mtu wa mjini hapo hapo wa kumtawaza, Muhammad Ankoni.

Sasa tujitazame jamani. Mwenye gari akikosa darsa tunasema ana majukumu, wa bodaboda akikosa ni mvivu wa dini. Msiba wa tajiri tunajaa mpaka barabarani, wa maskini tunatafutana wa kubeba jeneza. Kijana wa mtaani akikwapua simu tunampiga nusu ya kufa, na aliyekula pesa ya yatima tunampa maikrofoni kwenye Maulidi. Halafu tunakaa barazani kulaumu serikali na Wazungu na mitandao, na mimi ustadhi wenu nimo, tena mstari wa mbele.

Jana baada ya Isha nilimpigia yule mama, hakupokea. Kesho nikitoka Alfajiri naenda pale anapokaangia. Niombeeni dua, mana sijui nitaanzaje kuongea.