Cha tano ushuke

Dada yangu anaishi Chorlton, kusini mwa jiji la Manchester. Alinielekeza kwa simu: "Mdogo wangu, panda tramu pale St Peter's Square, hesabu vituo, cha tano ushuke."

Nikagusa kadi kwenye mashine, tramu ya manjano, treni nyepesi ya mjini, ikaja polepole katikati ya waenda kwa miguu. Mara tukapita kando ya paa kubwa la upinde la iliyokuwa stesheni ya Manchester Central. Ilifungwa 1969, leo ni ukumbi wa maonyesho. Zamani treni za London ziliondokea humo na kupita Chorlton penyewe.

Kutoka kwenye stesheni hiyo ya zamani mwendo ulibadilika. Hakuna magari wala mataa ya barabarani, na baada ya kituo cha Trafford Bar ni migongo ya nyumba na nguo kwenye kamba. Mtoto wa mfanyakazi wa reli kama mimi haambiwi kwamba hiyo ni reli ya zamani: njia ilikuwa imenyooka, kona zake pana, maana treni ya moshi haikuweza kona kali.

Kituo cha Chorlton kiko bondeni, barabara ya Wilbraham inapita juu yake kwa daraja. Jukwaa na sakafu ya tramu viko usawa mmoja; mama aliyekuwa mbele yangu alisukuma kigari cha mtoto nje kwa mkono mmoja. Nikasimama namtazama mpaka dada akaniita.

Stesheni ya hapo ilifunguliwa 1880, ikafungwa Januari 1967. Tramu ilianza kusimama Julai 2011. Miaka 44! Muda wote huo ile njia haikugawanywa viwanja, na naamini hicho ndicho kilichoiokoa. Niliikumbuka reli yetu ya Moshi, ambayo treni ya abiria kutoka Dar iliirudia Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya ishirini. Laiti marehemu baba angeiona.

Jioni dada alinipeleka kituo kinachofuata, St Werburgh's Road. Karibu na hapo reli nyingine ya zamani ilichepuka kwenda mashariki. Hiyo haikupata tramu. Imekuwa njia ya baiskeli na miguu, inaitwa Fallowfield Loop. Tuliifuata, miti imefunga pande zote mbili, watoto wakitupita kwa baiskeli, hadi palipokuwa stesheni ya Fallowfield. Siku hizi pana duka kubwa. Dada akaingia kununua mkate.