Kupima supanova inayong'aa kupita kiasi: SN 2023ixf katika data za Swift

Koichi Itagaki wa Japani aliigundua SN 2023ixf, supanova yaani nyota iliyolipuka, tarehe 19 Mei 2023 katika galaksi ya M101, umbali wa miaka ya nuru milioni 21 hivi. Siku chache baadaye ilikuwa imefikia takriban magnitudi 11 (kipimo cha logi cha mwangaza, ambacho namba ndogo ni mwanga mwingi). Kwa UVOT, darubini ya urujuanimno na mwanga wa kawaida iliyomo kwenye chombo cha Swift cha NASA, huo ni mwanga mwingi mno, na hapo ndipo wanaopima kwa haraka hukosea.

UVOT ina kioo cha sentimita 30 na huhesabu fotoni mojamoja. Kigunduzi chake husomwa kila milisekunde 11. Fotoni mbili zikitua mahali pamoja ndani ya muda huo, huhesabiwa kuwa moja. Programu ya uvotsource hurekebisha upotevu huo, lakini hesabu ikikaribia fotoni moja kwa kila fremu, yaani kama 90 kwa sekunde, hakuna tena cha kurekebisha: supanova itaongeza mwanga na namba itabaki palepale. Mchoro wa mwangaza utaonyesha kilele bapa ambacho hakipo angani. Dalili yake huonekana kwenye picha yenyewe, mraba wa giza kuizunguka nyota. Ukiuona, usiiamini namba hiyo hata kama programu imeitoa bila kulalamika.

Picha zilizopigwa kwa dirisha dogo la dakika 5 kwa 5 za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja) zina nafuu, kwa kuwa fremu yake ni ya milisekunde 3.6. Kwa picha nyingine, tumia mstari wa usomaji. Fremu inapohamishwa ili isomwe, fotoni huendelea kuingia na kuacha mfuo hafifu, ndio mstari wenyewe, kwenye safu nzima ya pikseli. Mwanga wa mfuo huo haujafikia kikomo cha kigunduzi, hivyo unaupima na kupata mwangaza wa nyota zinazong'aa hadi magnitudi 2.4 kupita kikomo cha kawaida. Usahihi hupungua, lakini namba inakuwa ya kweli.

Data ziko wazi kwenye HEASARC, hifadhi ya data ya NASA. Aliye Dodoma au Kisangani anazipakua bure. Hilo si jambo dogo kwetu, maana ukiwa Dar es Salaam M101 haipandi zaidi ya nyuzi 29 juu ya upeo wa kaskazini. Chukua faili za sk, yaani picha za anga, kwa kila kichujio na ufungue kila picha kabla ya kuziunganisha kwa programu ya uvotimsum. Mwelekeo wa chombo ukiwa haukurekebishwa vizuri, nyota huwa zimevutika, na sehemu ya mwanga hutoka nje ya duara unalolichora kuizunguka supanova ili kuhesabu mwanga wake. Duara liwe la nusu kipenyo cha sekunde 5 za tao, kwa sababu marekebisho yote yamepimwa kwa ukubwa huo. Mandharinyuma yapime mahali patupu, mbali na mikono ya galaksi.

Supanova ikififia, adui ni galaksi yenyewe. SN 2023ixf iko karibu na NGC 5461, eneo la gesi na nyota changa lenye urujuanimno mwingi. Bahati nzuri, Swift iliifuatilia SN 2011fe katika M101 hiyohiyo, na supanova hizo mbili zimetengana kwa dakika 5 hivi tu za tao. Picha za mwaka 2011 za uwanja mzima, wa dakika 17 kwa 17, zinapaonyesha mahali pa SN 2023ixf kabla ya mlipuko. Pima duara lilelile humo, kisha ondoa kiwango hicho cha fotoni kwa sekunde kutoka kwenye kipimo cha supanova. Usiondoe magnitudi kutoka kwenye magnitudi.

Mwisho, vichujio vya urujuanimno vya uvw1 na uvw2 huvujisha mwanga mwekundu. Wiki za mwanzo supanova ni ya moto na haijalishi sana. Ikishapoa, sehemu kubwa ya unachokiita urujuanimno si urujuanimno. SN 2014J katika M82, iliyofunikwa na vumbi, ilikuwa na tatizo hilo tangu mwanzo. Hapo tegemea kichujio cha uvm2, hata kama fotoni zake ni chache.