Helsinki kwa Vappu, chupa za sima mkobani

Safari hii huanzia jikoni, wiki moja kabla. Vappu, sikukuu ya Wafini ya kukaribisha majira ya kuchipua, huanza jioni ya 30 Aprili na kumalizika 1 Mei. Maandamano ya wafanyakazi yamo, lakini sisi tuliifuata ile ya wanafunzi: matarumbeta, ovaroli zilizojaa viraka, na mzaha. Na Vappu bila sima (si ugali, ni kinywaji cha malimau na sukari kinachochachushwa kwa hamira) ni kama Idi bila biriani.

Maji ni lita 4. Tulichemsha nusu, tukayamimina juu ya gramu 250 za sukari nyeupe na 250 za sukari ya kahawia, pamoja na malimau 2. Kwenye ganda, sehemu ya njano tu ndiyo inayotakiwa. Ule weupe wa chini unatia uchungu, tupa. Lita 2 zilizobaki huongezwa zikiwa baridi. Hamira ingoje mpaka maji yawe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, la sivyo itakufa na utakunywa sharubati. Kavu, moja ya nane ya kijiko cha chai inatosha. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaongeza ili iive upesi, sima inanuka mkate na chupa zinapasuka. Kesho yake tulichuja, tukatia kwenye chupa za plastiki, kila moja kijiko cha sukari na zabibu kavu 5, tukaweka kwenye friji, vifuniko vimelegezwa kidogo. Zabibu zikipanda juu, sima iko tayari.

Tarehe 30 tulipanda metro kituo cha Aalto-yliopisto, chupa zimesimama wima. Ukizilaza, machicha yanapanda, na ukifungua utawarashia abiria. Tulishuka Helsingin yliopisto, kituo kilicho jirani na soko la Kauppatori. Fika saa 11 jioni. Ukichelewa utatazama visogo. Hapo kuna Havis Amanda, sanamu ya shaba ya mwanamke aliye uchi, kazi ya Ville Vallgren, iliyozinduliwa 1908. Wenyeji humwita Manta. Wanafunzi waliinuliwa kwa winchi, wakamsugua kwa brashi na sabuni kwa makini ya mtu anayemwosha bibi harusi, na saa 12 kamili wakamvika kofia nyeupe, ile ya waliohitimu sekondari. Papo hapo umati mzima ukavaa za kwao.

Wanafunzi wa uhandisi huuza gazeti la vichekesho barabarani: Äpy miaka witiri, Julkku miaka shufwa. Utani wake hautafsiriki, nunua hivyo hivyo. Wana pia Retuperän WBK, bendi ya matarumbeta ya kuchekesha. Anayezijua beni za pwani hatashangaa mtu mzima kupuliza tarumbeta kwa kujigamba namna ile.

Asubuhi ya tarehe 1 ni kilima cha Ullanlinnanmäki. Chukua turubai la kutandika chini ya blanketi, maana nyasi zimelowa na theluji haijakatazwa kuanguka. Maduka ya pombe ya serikali hufungwa siku hiyo. Tulikula munkki, donati zenye iliki: mtu wa Mombasa akifumba macho atadhani mahamri, kisha atauliza tui la nazi limeendea wapi. Kwaya ya wanaume ikaimba, kofia nyeupe mpaka ufukweni, nasi tukafungua chupa taratibu, nusu mzunguko, tukisubiri pumzi itoke kwanza.