Lenzi niliyoitoa kwenye darubini mbovu ya mjomba

Mjomba wangu wa Mikindani alikua na darubini ya 7x50 (inakuza mara 7, kioo cha mbele mm 50), kaitumia miaka na miaka kwenye jahazi, juzijuzi ikamdondoka prizimu, vile vipande vya kioo vya kupindisha mwanga, zikavunjika humo ndani akawa anataka aitupe. Nikamwambia njomba usitupe nipe mimi vile vioo vya mbele nitengenezee lenzi ya kamera. Watu hawajui tu, kile kioo cha mbele sio kimoja, ni viwili vya aina tofauti vimegandishwa pamoja ili rangi zisiachane, yani hupati ile michirizi ya zambarau pembeni ya vitu ambayo lazima uipate ukitumia kioo cha kawaida cha kukuzia maandishi.

Kupima fokasi, yani umbali toka kwenye kioo mpaka pale picha inapotokea kali, ni rahisi. Nikafunga madirisha yote nikaacha moja, nikakisogeza kioo mbele ya ukuta mweupe mpaka minazi ya nje ikatokea ukutani imepinduka, makuti chini, rula ikasoma sm 19.5. Kipenyo mm 50, gawanya 195 kwa 50 hiyo ni f/3.9, kipimo cha mwanga unaopita kwenye lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga mwingi.

Alafu hapo ndo nikakosea, nikakata bomba la plastiki la inchi mbili sm 19, nikaligandisha kwenye kifuniko cha mdomo wa kamera yangu ya Canon DSLR nilichokitoboa katikati, nikashuka ufukweni kupiga ngalawa, ukungu mtupu. Kilichoonekana vizuri ni vitu vya mita moja na kidogo mbele yangu basi. Siku mbili nahangaika ndo nikaja kuelewa kua ndani ya hiyo Canon ya DSLR, kutoka lenzi inapofungwa mpaka kwenye sensa, kile kinachopokea picha, tayari kuna mm 44! 195 toa 44 inabaki 151, hilo ndo bomba. Mwenye kamera za Sony za mdomo wa E atoe 18 tu, kwake bomba linakua refu zaidi. Nikakata upya sm 14, fupi kidogo makusudi, nikavalisha lingine juu yake linaloteleza kwa ajili ya kufokasi.

Ndani nimepaka rangi ya ubao wa shule, ile haing'ai kabisa, bila hiyo mwanga unagongagonga kwenye plastiki picha inapauka. Na tafadhali msitumie superglu karibu na kioo, mvuke wake unaacha utando mweupe, kioo changu cha pili kiliharibika hivohivo na kiliniuma sana. Upande uliobinuka zaidi ndo unatazama nje.

Jioni nikaweka kadi nyeusi yenye tobo la mm 25 mbele, inakua kama f/7.8, nikampiga mjomba ameshika tanga. Usoni katokea vizuri mpaka mikunjo ya macho unaihesabu, pembeni kote kumelainika, maji yanawaka nyuma yake. Akaishika kamera akaangalia muda mrefu bila kusema kitu, alafu akaniuliza, "Mwanangu, hiki ndo kile kioo changu?"