Tundu Nyuma ya Ramani

Mwaka 2013 nilikuwa natengeneza programu ya simu ya kuonyesha njia za daladala za Dar es Salaam. Juu ya ukurasa niliweka nauli, katikati ramani yenye mstari wa buluu kutoka Mwenge hadi Posta, na chini yake orodha ya vituo. Kwenye simu yangu kila kitu kilikaa sawa. Nikamwomba konda mmoja pale Mwenge aijaribu kwenye simu yake ya Android 2.3, kioo kimepasuka pembeni. Akasukuma ukurasa kwa kidole gumba, akanitazama.

"Dada, mbona ramani yako inakula maneno?"

Kweli. Kila ukurasa ulipopanda, utepe mweusi uliifuata ramani na kufunika majina ya vituo, kisha ukatoweka kidole kikitulia. Iliniuma sana, maana simu za namna ile ndizo walizokuwa nazo abiria niliowalenga.

Nilihangaika siku tatu. Kwanza niliushuku mstari wa buluu. Nikaufuta, weusi ukabaki palepale. Jioni ya siku ya tatu nikapaka ukurasa mzima rangi nyekundu, nikausukuma polepole. Wekundu kila mahali, ila ule utepe ulibaki mweusi tii. Hapo nikaelewa: ramani haikuwa ndani ya ukurasa wangu hata kidogo. Simu ilikuwa ikiichora kwenye tabaka lake, nyuma, na ukurasa umetobolewa tundu ili ionekane. Tundu likisogea, ramani inachelewa kidogo kulifuata, na kwenye pengo hilo hakuna kitu. Ni giza tu.

Maktaba ya ramani, yaani msimbo (maagizo ya programu) ulioandikwa na wengine wa kuchora ramani, haikuwa yangu, nisingeweza kuifungua na kuitengeneza. Ikabidi niizunguke. Dawa nilielekezwa na watengenezaji wenzangu: tandaza juu ya ramani tabaka tupu, ukubwa uleule, rangi yake uwazi mtupu. Mistari michache tu ya msimbo kwenye faili la mpangilio wa ukurasa. Sikuamini mpaka nilipousukuma ukurasa na kuona weusi umekwisha. Tabaka hilohilo nikalipa na kazi ya pili, ya kupokea mguso na kuuzuia ukurasa usipande pale mtu anapotaka kuiburuta ramani yenyewe.

Juu ya mistari hiyo niliandika maelezo marefu kuliko yenyewe. Kitu kisichoonekana hufutwa upesi, na niliogopa atakayekuja baada yangu angekiona hakina kazi.

Kesho yake nikarudi Mwenge. Konda yule alikuwa mlangoni, gari limejaa nusu. Akachukua simu, akasukuma ukurasa juu, chini, juu tena, kwa kasi, kama anayetafuta kosa. Kisha akaanza kuvisoma vituo kwa sauti yake ya kazini: "Bamaga, Sayansi, Makumbusho, Victoria, Morocco..." Mama mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akauliza nauli ya Morocco ni shilingi ngapi.